Ufundi Wetu: Pampu ya Usukani Inayovuja

Juma hili twawaita wazazi na vijana wa shule mkaribie gari lililofunguliwa boneti. Dereva mmoja wa jumuiya yetu, mwenye basi dogo la kuchukua abiria kati ya mjini na Ruashi, alikuwa na desturi moja. Kila alfajiri alimimina mafuta katika tangi dogo la pampu ya usukani, na kila jioni alilikuta karibu tupu. Alipoulizwa kwa nini hatengenezi, alijibu kwamba chupa ya mafuta ni rahisi kuliko fundi. Siku moja mafuta yaliyovuja yaliulowesha mkanda unaozungusha pampu. Mkanda ukateleza, na usukani ukawa mzito ghafula penye kona, hali basi limejaa watoto wa shule. Mungu ashukuriwe, mwendo ulikuwa wa polepole. Basi liliishia mtaroni wala hakuna aliyeumia.

Magari mengi ya hapa Lubumbashi yamekwisha kufanya kazi miaka mingi ugenini kabla ya kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Sili za pampu, yaani vipete vya mpira vizuiavyo mafuta yasitoke, hukauka kwa umri na kwa joto la injini. Tena kazi yake si ndogo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Pampu hii, usukani unapogeuzwa hadi mwisho, yaweza kusukuma mafuta kwa nguvu ya bar 70 na kupita. Mpira uliokwisha kuwa mgumu hauwezi kuizuia nguvu hiyo, hata tukiongeza mafuta mara ngapi.

Basi, fundi mwema hufanyaje? Kwanza hutafuta ukweli. Huiosha pampu, huikausha, huwasha injini, kisha hutazama mafuta yatokea wapi: nyuma ya puli, penye maungio ya pampu, au katika bomba la mpira. Huenda kosa ni klipu iliyolegea tu, na kumlipisha mtu pampu nzima kwa ajili ya klipu ni wizi, ingawa hakuna askari atakayeuona.

Ikiwa pampu yenyewe yavuja, huifungua mahali safi. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu huingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga yatosha kukwaruza chuma kilicholainishwa kama kioo. Vipande vyembamba vinavyozunguka ndani huvipanga kwa taratibu juu ya kitambaa, akiangalia upande wa mviringo ulielekea wapi, ili virudi vilevile. Huutikisa mhimili kwa vidole: ukicheza, beringi imechakaa, na ukiwa na mfereji uliochimbika pale sili inapogusa, sili mpya haitadumu. Hapo yampasa kumwambia mwenye gari neno hilo waziwazi kabla ya kupokea fedha. Sili mpya huipaka mafuta yaleyale ya pampu, huielekeza mdomo wake ndani yaliko mafuta, na huisukuma sawasawa bila kuikwaruza kwa bisibisi.

Mafuta nayo yawe yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko au katika kitabu cha gari. Magari mengi ya zamani hutumia mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki. Mtu asimimine mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo aliyo nayo karibu: hayo huivimbisha na kuilainisha mipira ya pampu ya namna hiyo, na kazi yote huharibika.

Sasa twafika mahali ambapo vijana wengi hukosea. Wakisha kufunga pampu, huwasha injini mara moja, na hewa iliyobaki ndani huchanganyika na mafuta yakawa povu jeupe. Pampu huanza kunguruma, na chuma husagana na chuma. Yafaa magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, tangi lijazwe, na usukani ugeuzwe polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, mara 20 hivi, huku mwenzake akiongeza mafuta kila yanaposhuka. Viputo vikikoma, ndipo injini iwashwe bila kuikanyagia, na usukani ugeuzwe tena taratibu, wala usishikiliwe mwishoni. Povu likionekana, injini izimwe, mafuta yatulie, kisha kazi irudiwe.

Siku ya kutengeneza basi lile, dereva alikuwa na haraka, maana saa ya abiria wa jioni ilikuwa imefika. Alinyosha mkono apewe ufunguo.

"Baba, povu bado lipo," alisema kijana mwanafunzi wa gareji.

"Mwanangu, watu waningoja."

"Ndiyo sababu, Baba. Tungoje kidogo."

Dereva alikasirika, akaketi juu ya tairi kuukuu. Giza lilipoingia, mafuta yalikuwa safi na pampu kimya. Alipoteza fedha za jioni moja. Tangu siku hiyo hatujamwona tena na chupa yake ya alfajiri.

Wasalesiani wa Don Bosco walipofika mji huu mwaka 1911, ulipoitwa Elisabethville, walikuja kufundisha watoto sala pamoja na kazi za mikono. Na mwaka 1955 Papa Pius wa XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Enyi vijana mnaojifunza ufundi, Kanisa halikutenga sala na nyundo. Mkono unaokataa kutoa ufunguo kabla ya wakati wake unalinda roho za watu msiowajua majina, nao hawatajua kamwe kuwashukuru.

Nanyi wazazi, msimkemee fundi anayewaambia mngoje. Tazameni kwanza kama kuna povu.

Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia.