Hofu ya Asiyekuwepo

Magaidi walipoua watu 67 katika jengo la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, huku kwetu Nyarubungo, mkoani Kagera, hakuna aliyesikia mlio wa risasi. Walioshindwa kulala, hata hivyo, walikuwepo. Toleo hili linawahusu wao. Msimamo wetu ni kwamba hofu yao si ujinga. Ina vyanzo vyake, na kwa hiyo ina dawa.

Chanzo cha kwanza ni picha zinazorudiwarudiwa. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka huohuo, watafiti wa Marekani waligundua kwamba waliofuatilia habari hizo saa sita au zaidi kila siku kwa wiki nzima walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwa eneo la tukio. Siku hizi klipu isiyo na tarehe inamfikia mtu kitandani.

Cha pili ni historia ya mahali. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa takriban saa 24. Miaka iliyofuata, mapori ya Biharamulo yakajulikana kwa utekaji wa mabasi. Magari yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi. Askari mwenye bunduki alipopanda, gumzo lilikatika na noti zikahamia kwenye soksi. Ulinzi uleule uliompa abiria moyo ndio uliomthibitishia kwamba hatari ipo. Novemba 2017 bomu la mkono, lililodhaniwa kuwa chuma chakavu, liliua wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, Ngara. Halikuwa tukio la kigaidi, lakini mzazi wa Ngara hahitaji televisheni imweleze bomu hufanya nini.

Cha tatu ni kujiona huna la kufanya. Tunapanda bodaboda watatu bila kofia ngumu, kwa sababu dereva tunamjua na tunaweza kumwambia apunguze mwendo. Gaidi haambiliki. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi walikimbia ndege wakashika barabara. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba ajali ziliua watu wa ziada wapatao 1,500 katika miezi 12.

Hofu ikikosa wa kumkamata, humgeukia mgeni. Hapa kwetu hilo ni hatari maradufu: Kihangaza cha Ngara na Kirundi cha Burundi vinakaribiana mno, na anayemshuku mtu kwa lafudhi anaweza kumshuku shemeji yake.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema wananchi wasielezwe mengi wasije wakataharuki. Ukimya wa mkuu wa wilaya baada ya tukio hujazwa na uvumi kabla ya jua kuzama. Mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano siku hiyohiyo, aseme kilichothibitishwa, aseme kisichojulikana bado, na ampe kila mtu namba ya kupiga na jambo la kufanya. Mtu mwenye la kufanya haogopi kama aliyeachwa peke yake na simu yake.