Hiyo si kaboni, ni stika, na kuna fundi inamuumiza

Wasee, tuambiane ukweli. Hizo dashibodi za "kaboni" tunazoona kwa magari hapa Tassia, nyingi ni stika. Unaingia Vitz ya mtu, unaona kipande cha kuzunguka gia kina vile vimraba vyeusi na kijivu, unasema, "Manze, umeunda gari!" Ameunda, sawa. Lakini ameunda na stika, na amekuambia ni kaboni.

Sina shida na stika. Inabandikwa kwa saa chache, ukichoka nayo unaibandua, na kama mfuko wako ni wa stika, weka stika na uendeshe gari yako kwa amani. Shida yangu ni hilo jina. Stika ikiitwa kaboni, kaboni nayo inaanza kulipwa kama stika. Hapo ndipo kuna mtu analala njaa.

Kaboni ya ukweli ni kitambaa. Inauzwa kwa mita, kama vile unanunua kitambaa cha suti. Ile aina ya kawaida inaitwa 3K, yaani kila uzi mmoja umebeba nyuzi 3,000 ndogo kuliko unywele wako. Mwaka wa 1981 McLaren walileta kwenye Formula 1 gari lenye bodi kuu ya kaboni, MP4/1, na tangu hapo kila mtu mwenye gari anataka huo mwonekano hata kama anaendesha Fielder kwenda Fedha na kurudi.

Sasa angalia vile fundi wa mikono anafanya. Kwanza anatoa kipande kwa gari bila kuvunja vile vishikilio vya plastiki, na plastiki iliyopigwa jua miaka mingi inavunjika ukiiangalia tu vibaya. Anaosha mafuta yote. Anakikwaruza na msasa mpaka kipoteze mng'ao, ndio resini ipate mahali pa kushika. Anapaka resini iliyotiwa rangi nyeusi, anangoja ifike pale ambapo ukigusa inanata lakini haibaki kwa kidole. Akiwahi, kitambaa kinateleza. Akichelewa, hakishiki.

Halafu analaza kitambaa, na hapa ndipo unajua fundi ni nani. Ile mistari lazima ikimbie pande moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kona, akivuta sana inapinda, asipovuta inabaki na hewa chini. Ikigandana, mara nyingi ni kesho yake, anakata kingo na kuanza safu za resini safi: moja, mbili, tatu, kila moja na kungoja kwake. Mwisho ni msasa wa maji, kuanzia namba 240 akipanda hadi 2000, kisha polishi. Akisugua kidogo kupita kiasi anafika kwa kitambaa, na inabidi apake tena. Kipande cha ukubwa wa sahani kinaweza kula siku tatu au nne.

Tuseme huyo fundi anataka tu elfu moja kwa siku. Siku nne ni elfu nne, kabla ya kitambaa, resini, msasa na stima. Halafu mteja anakuja na simu mkononi, anaonyesha video ya sekunde ishirini, anasema, "Boss, si hii ni kazi ya kubandika tu? Mwenzako ananifanyia kwa elfu moja." Huyo mwenzake anauza stika.

Fundi akikubali hiyo bei, kuna kitu lazima kikatwe. Anakata safu za mwisho. Anakata ile vanishi ya kukinga jua. Gari inaegeshwa nje mchana kutwa, na baada ya miezi kadhaa ile kaboni imegeuka rangi ya chai ya rangi. Mteja anaambia kila mtu, "Kazi za mtaa ni bure kabisa." Hapana buda. Ulilipia nusu ya kazi na ukapewa nusu ya kazi.

Kitu kingine kinachokatwa ni afya ya fundi. Vumbi la kaboni linawasha ngozi na kifua. Resini ikikugusa kila siku bila glavu, mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa, hata tone dogo linakutoa vipele. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inahitajika ile yenye vichujio vya kemikali. Nimesimama kwa vibanda ambapo kijana wa umri wangu anasugua kaboni kavu akiwa na fulana tu, mdomo wazi. Ukimuuliza, anakuambia glavu ni gharama. Hiyo gharama ni ile uliyomkatia ukibargain.

Najua kuna mwenye atasema hii yote ni pambo tu, haifanyi gari iende mbio. Kweli kabisa. Plastiki bado iko chini, kwa hivyo uzito unaongezeka, haupungui. Lakini nganya pia ni pambo. Sheria za Michuki za 2004 zilizipunguza hadi mstari wa njano, ikafika 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea wachoraji wa matatu hadharani. Leo watalii wanapanda nganya kupiga picha. Pambo limelipia watu wengi kodi ya nyumba hapa Eastlands, bora tu liheshimiwe kama kazi.

Mimi niliacha chuo, na huwa naulizwa kama watu wa aina yetu wana "career". Jamaa anayejua saa ngapi resini inaanza kunata kulingana na baridi ya Julai ana taaluma. Anachokosa ni karatasi, na NITA hufanya mitihani ya ufundi kwa watu waliojifunzia kazini, gredi ya tatu hadi ya kwanza. Fundi wa bodi za magari, ulizia hiyo njia.

Kwa mteja: kabla ulipe, uliza, "Hii ni kitambaa ama stika?" Pitisha ukucha pembeni. Stika ina ukingo unaoweza kuinuka. Kaboni iko ndani ya resini kama kitu kilichozama kwa glasi, na ukigeuza kichwa mwanga unatembea juu ya nyuzi.

Kwa fundi: taja unachouza. Na mteja akikuambia ufunike kifuniko cha airbag, kataa, hata akiongeza doo. Kile kifuniko kimeundwa kipasuke ajali ikitokea. Ukikigandisha na resini, umeweka kipande kigumu mbele ya uso wa mtu.

Na kwa wenye kupost hizi gari: acheni kuruka kutoka "kabla" hadi "baada". Onyesheni siku ya pili, pale kipande kiko kibaya, kinanata, na fundi amekaa tu akingoja. Kisha wekeni jina lake. Gari limetajwa, rimu zimetajwa, wimbo umetajwa. Mwenye alitumia siku nne na mikono yake pia atajwe.