Diski ikifomatiwa, tusianze na kutafuta wa kulaumu



Leo tunataka kuongea juu ya diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye laptopu kwa waya. Karibu kila kikundi cha vijana tunachokijua kambini kina moja. Humo ndani kuna video za maigizo, nyimbo za kwaya, picha za mechi, vyeti vilivyoskaniwa, barua za kuomba ufadhili wa masomo. Halafu siku moja mtu anaichomeka, kompyuta inasema diski haisomeki, inauliza kama ifomatiwe, naye anabonyeza ndiyo. Sekunde chache tu, diski inaonekana tupu.

Maoni yetu ni haya: mara nyingi si kufomati kunakoua mafaili. Kinachoyaua ni woga unaofuata.

Tueleze vizuri. Chukua mfano wa daftari la kiongozi wa bloku, lenye majina ya watu na nyumba zao. Daftari likichanwa, watu hawajahama, bado wamo majumbani mwao. Lakini ofisini wataona bloku haina mtu, na wageni wakifika watagawiwa nyumba zilezile. Hapo ndipo wenyeji wanapotolewa kweli. Fomati ya haraka inafanya hivyohivyo: inachana daftari, mafaili yanabaki palepale. Yanapotea pale tu kitu kipya kinapoandikwa juu yake.

Kuna fomati nyingine, ile kamili. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007, hiyo inaandika sifuri kwenye diski nzima, na hapo hakuna cha kurudisha. Lakini kwa diski kubwa inachukua saa nyingi. Kama kazi iliisha kwa sekunde, basi ilikuwa ya haraka, na tumaini lipo.

Sasa woga unaingia wapi? Mwaka jana diski ya kikundi chetu ilipelekwa duka moja kuongezewa filamu. Kijana wa pale akaifomati bila kukusudia. Akaona akisema atalipishwa, akanyamaza, akaijaza filamu ili isionekane tupu, akatukabidhi. Tulipokuja kugundua, tulirudisha picha nyingi, lakini video za maigizo ya miaka miwili ya kwanza zilikuwa zimeshaandikwa juu yake. Kwenye moja ya video hizo alikuwepo mama mmoja aliyetufundisha ngoma, ambaye sasa ni marehemu. Watoto wake hawana sauti yake mahali pengine popote. Yule kijana angesema siku ileile, kuna uwezekano mkubwa tungeipata. Hatumchukii. Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya mahali ambapo ukikosea kitu cha kwanza unachosikia ni bei.

Kwa hiyo ikitokea, cha kwanza ni kuchomoa diski na kuiacha hivyo. Usinakili kitu ndani yake, usiifomati tena, usiweke programu juu yake. Pili, tafuta diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, maana kinachorudishwa lazima kiwekwe kwingine. Ukirudisha ndani ya diski ileile, unawafukuza wenyeji kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, programu za bure zipo, msikubali kuuziwa muujiza. TestDisk inajaribu kurudisha mpangilio wa zamani wa diski. PhotoRec haiangalii daftari kabisa: inapita nyumba kwa nyumba ikitambua kila faili kwa alama za mwanzo wake. Zote mbili aliziandika Christophe Grenier, na ni huria. Ubaya wa PhotoRec ni kwamba kwa kawaida majina na mafolda hayarudi. Mtapata maelfu ya picha zenye majina ya namba, na itabidi mkae kuzipanga. Video ndefu pia zinaweza kurudi zikiwa vipandevipande. Kazi hii inaweza kula usiku mzima, kwa hiyo hakikisheni stima ipo kabla ya kuanza. Na kama diski inagonga, tik tik, huo ni ugonjwa mwingine: izimeni, programu haitibu chuma. Diski za SSD nazo ni ngumu zaidi, maana nyingine zinajisafisha zenyewe baada ya kufomatiwa.

Tunajua wapo watakaosema: bila faini, watu watakuwa wazembe. Tunawaelewa, maana diski ni pesa. Lakini faini inanunua diski mpya, hainunui sauti ya marehemu. Na kadiri faini inavyokuwa kubwa, ndivyo mtu anavyokuwa na sababu ya kuficha. Sisi tunaona afadhali sheria moja: anayesema siku hiyohiyo halipi kitu. Anayeficha, huyo ndiye tukae naye kikao.

Kuna jambo lingine tusilisahau. Kama sisi tunaweza kurudisha mafaili baada ya fomati ya haraka, na mwingine anaweza. Flashi uliyoifomati ukaiuza sokoni bado inaweza kuwa na picha ya kitambulisho chako, au maelezo uliyoandika ya kilichokukimbiza nyumbani. Kabla ya kuuza, fanya fomati kamili. Kama ilibeba siri za watu, afadhali usiiuze kabisa. Na fundi akirudisha mafaili ya kikundi, mwanachama akae naye pale mpaka mwisho. Mle ndani mna maisha ya watu.

Mwisho, dawa kubwa ni kutofika huko. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali. Kwetu inawezekana kwa kidogo tulichonacho. Moja kwenye diski ya kikundi, moja kwenye laptopu au flashi ya mwanachama wa bloku nyingine, na yale muhimu zaidi kwenye Google, ambako kuna GB 15 za bure. Bando ni ghali, ndiyo, kwa hiyo tuanze na vyeti na picha za watu ambao hatuko nao tena. Msitegemee kuzituma WhatsApp kama picha za kawaida, zinapungua ubora. Zitumeni kama dokumenti.

Wengi wetu tulitoka nyumbani bila picha hata moja. Hizi tulizopiga huku ndizo watoto wetu watauliza. Tusiziache mikononi mwa mtu mmoja anayeogopa kuongea.