Msimwambie Asibebe, Mfundisheni Kubeba

Karatasi ile ninayo hadi leo. Imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia, lakini mstari wa mwisho unasomeka vizuri: "Asibebe kitu kizito." Nilipewa baada ya miezi mitatu ya mgongo ulionikata kila nilipoinuka kitandani. Vidonge vya maumivu vya siku tano na mstari huo, basi. Sikuulizwa nani huchota maji nyumbani kwangu, wala mwanangu wa mwisho ana umri gani. Nikapanda daladala nikarudi Nzuguni, hapa Dodoma, nikakuta ndoo mbili tupu mlangoni na mtoto wa miaka miwili ameninyooshea mikono abebwe.

Nilimbeba. Kisha nikabeba ndoo.

Nawaandikia ninyi mnaoandika mstari huo, na sisi sote tunaourudia kwa mama, dada na mabinti zetu tukidhani tunawahurumia. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Maji yakikatika, mwanamke wa Nzuguni huinyanyua mara nne au tano kabla jua halijakolea. Nendeni Soko la Job Ndugai asubuhi mkaone matenga ya nyanya na nani anayejitwisha. Nendeni stendi ya Nanenane mkamwone mama mwenye mtoto mgongoni, begi mkononi na kiroba kichwani. Huyo ndiye mnayemwambia asibebe. Ndoo hamjamwondolea, mlichomwondolea ni ujasiri wake. Ataendelea kubeba, ila sasa kwa woga, pumzi ameibana, mwili ameukaza, akiamini kila hatua inamvunja. Na maumivu yakirudi, atajilaumu kwamba hakutii.

Agizo lisilotekelezeka linamtupia mgonjwa lawama mapema, halimtibu.

Wala hatuwezi kusema elimu haipo. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, tatizo linaloongoza kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kuhusu maumivu hayo yanapokuwa sugu. Mazoezi yamo. Kumwelimisha mgonjwa kumo. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo wanawake wengi wanaitolea akiba yao ya mwezi, haikupendekezwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Anapewa tu, kwa kuwa bila uji hainuki. Nguvu nazo ni uji. Msuli usiotumika hunyauka, na mwanamke aliyelazwa kwa wiki kadhaa hurudi kwenye ndoo ileile akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka.

Kuna kifaa kimoja nataka kila mwanamke akijue. Ni tufe la chuma lenye mshikio juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Kwenye jimu wanakiita ketobeli. Warusi, waliokianzisha, wanakiita giria. Hakikuzaliwa kwenye jimu. Kilikuwa jiwe la mizani, la kupimia nafaka sokoni, na kipimo chao cha zamani kilikuwa kilo 16 na ushei. Watu walipoona mawe hayo yanawajenga wanaoyanyanyua, wakaanza kushindana nayo. Chombo cha sokoni, basi, hakiwezi kuwa kigeni kwa mwanamke wa sokoni.

Kinafanya nini? Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu 40, wengi wao wanawake, waliokuwa na kazi zinazoumiza viungo. Nusu walifanya mazoezi ya ketobeli dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Maumivu ya shingo, mabega na mgongo wa chini yalipungua kuliko ya wenzao, na misuli ya mgongo ikapata nguvu. Mwaka 2018 ikaja habari ya Australia: wanawake 101 waliokoma hedhi na mifupa yao imepungua uzito. Walionyanyua vyuma vizito chini ya uangalizi, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi 8, mifupa yao ya kiuno iliimarika. Ya waliopewa mazoezi mepesi ya nyumbani ilipungua. Na Marekani, mwaka 2009, wanawake 141 waliotibiwa saratani ya matiti wakabaki na mikono iliyovimba, ambao kwa miaka mingi wenzao walikatazwa hata kubeba kikapu, waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililonyanyua vyuma taratibu, waliopatwa na uvimbe uliozidi walikuwa nusu tu ya wale wa kundi jingine.

Somo lenyewe ni moja: kuinama kwa nyonga. Makalio yanarudi nyuma, kifua kinafuata, mgongo umenyooka, magoti yamelegea, mzigo uko karibu na mwili. Watazameni wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inashuka kwa nguvu na mwili haukatiki. Bibi zetu waliujua uzito unapopaswa kukaa.

Asiye na pesa ya chuma achukue dumu la lita 5 lenye mshikio. Lita moja ya maji ni kilo moja. Aanze na lita mbili, dumu likiwa juu ya kigoda, anyanyue na kushusha mara nane, apumzike, arudie. Wiki ikienda vizuri aongeze lita. Kigoda kikizoeleka, dumu lishuke chini. Maji yakimchezea, aweke mchanga na kuupima kwenye mizani ya duka. Kulibembeza mbele na nyuma kutakuja baadaye, mbele ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Sisemi kila mwenye mgongo akanyanyue chuma leo. Ukifa ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukikutoka au ukikataa kutoka, miguu ikilegea, kimbia hospitali sasa hivi. Homa, jasho la usiku na kukonda havitibiwi kwa dumu: kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo, na huku kwetu kwa wafugaji, brusela ya maziwa yasiyochemshwa huja na maumivu ya mgongo. Aliyepasuliwa atii wiki alizopangiwa, na mwenye kizazi kinachoshuka aonwe kwanza. Wiki hizo nazo zina kazi yake, nayo ni ya baba wa nyumba: ndoo abebe yeye. Mume anayesoma karatasi ya mkewe kisha akasubiri maji ya kuoga yaletwe bafuni hajaisoma.

Na ninyi mnaosema vyuma vitamfanya mwanamke awe kama mwanaume, mbona hamkusema hivyo alipojitwisha gunia la mkaa? Kilo 20 za kuwatumikia ninyi mnaziita wajibu. Kilo 8 za kuujenga mwili wake mwenyewe mnaziita aibu. Sitanyamaza mbele ya hesabu hiyo.

Mimi nilipata mtu wa kunifundisha, nikaanza na lita mbili. Leo naibeba ndoo na mgongo hauniulizi. Lakini ilikuwa bahati, na afya ya wanawake wa kata nzima haiwezi kuachiwa bahati. Kwa hiyo, daktari, muuguzi, yeyote ushikaye kalamu, nakudai. Mwanamke akija na mgongo wake, muulize kwanza anabeba nini. Kisha andika kilo ngapi aanze nazo, mara ngapi, na arudi lini umwongezee. Mstari wako ukikosa namba na tarehe, hujamaliza kumtibu.