Kila Ukoo Una Gunia Lake

Kitabu kimoja kikisomwa na watu tisa, kila mmoja hutoka na neno lake. Hayo tumeyaona katika kikundi chetu cha kusoma, ambacho hukutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi wa usharika wetu, si mbali na soko la Kariakoo. Safari hii tulichagua riwaya ya M. G. Vassanji iitwayo The Gunny Sack, yaani Gunia, iliyochapishwa mwaka 1989. Wanne kati yetu waliisoma kwa Kiingereza, na wengine wakasimuliwa sura kwa sura kwa Kiswahili. Tulidhani tutamaliza kwa kikao kimoja. Vikao vitatu havikutosha.

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia hapa Dar es Salaam. Riwaya yake ilipata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kanda ya Afrika mwaka 1990, kama kitabu cha kwanza cha mwandishi. Inasimulia vizazi vinne vya ukoo mmoja wenye asili ya Kihindi, na sehemu yake kubwa inatokea katika mitaa tunayoikanyaga kila siku. Mtaa wa Kichwele unaotajwa humo ndio Barabara ya Uhuru ya leo, tunakonunua khanga na vitenge.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi mzee aitwaye Ji Bai anafariki na kumwachia kijana Salim gunia kuukuu. Ndani yake mna daftari za zamani, shati lenye damu na vikorokoro vingine. Kila kitu kinachotolewa kinafungua habari ya ukoo. Habari ya kwanza ni ya baba wa babu yake Salim, Dhanji Govindji, mfanyabiashara aliyetoka India na kufungua duka katika mji mdogo wa pwani. Huko aliishi na mwanamke mtumwa aitwaye Bibi Taratibu, akazaa naye mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye akaoa mke wa jamii yake, na Bibi Taratibu akawekwa kando. Huseni alipokua aliondoka nyumbani asirudi. Baba alimtafuta miaka mingi, akatumia fedha zake na hata fedha za watu, mwisho akauawa. Salim ni mjukuu wa huyo Huseni. Basi damu ya Bibi Taratibu imo mwilini mwake.

Hapo ndipo tulipogawanyika.

Mama mmoja, mwenye duka la vitambaa, alimpenda zaidi Kulsum, mama yake Salim, mjane aliyelea watoto kwa duka hapa mjini. Alisema kwamba yeye hakuona habari za utumwa, aliona mwanamke anayehesabu senti usiku ili watoto wasome. Binti wa chuo, mdogo wetu kuliko wote, alikasirika. Aliuliza mbona Bibi Taratibu anasemwa na wengine tu, naye mwenyewe hasikiki akieleza uchungu wake. Mwingine akajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa: daftari za hesabu aliandika tajiri, na mtumwa hakuachiwa kalamu.

Bibi yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alitukumbusha kwamba mambo hayo si ya kale sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara sheria ya kukomesha utumwa kabisa ilikuja mwaka 1922. Wapo waliolelewa na bibi waliozaliwa kabla ya mwaka huo. "Wajukuu zangu," alisema, "pwani hii masuria walikuwa wengi. Watoto wao walikwenda wapi, kama si humu humu katika koo zetu?"

Ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya tangu kikao cha kwanza, aliposema kwamba kitabu hiki hakukipenda na hatakimaliza. "Mambo ya kale yaachwe yalale. Mwandishi amefukua makaburi ya watu." Tukadhani ni hasira ya msomaji tu. Kikao kilichofuata akatueleza, na ameturuhusu tuandike bila kumtaja. Nyumbani kwake yupo binti wa miaka 17 anayejulikana kuwa mtoto wa ndugu. Kweli ni kwamba binti huyo ni wa mumewe, aliyezaa na msichana wa kazi. Msichana alirudishwa kwao mtoto alipoacha kunyonya. Mama huyu amemlea kwa mapenzi, na binti hajui lolote. "Nami nina gunia langu," akasema, "na kila ukurasa wa kitabu hiki ulikuwa unalifungua."

Hakuna aliyemhukumu. Lakini ushauri ulitofautiana. Mwenye duka alisema asubiri binti aolewe. Binti wa chuo akasema, "Mama, samahani, lakini mimi ningetaka kujua leo." Bibi alitukumbusha Hajiri na Ishmaeli, waliofukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu lakini Mungu akawaona jangwani. Akaongeza kwamba Injili ya Mathayo inaanza kwa orodha ya ukoo, na ndani yake wametajwa Tamari, Rahabu na mke wa Uria, ambao familia nyingine zingewaficha.

Sisi tulio wauguzi tuna sababu nyingine ya kusema. Mgonjwa akifika, miongoni mwa maswali ya kwanza ni: katika ukoo wenu nani ana shinikizo la damu, kisukari au pumu? Chukua ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto huzaliwa nao anaporithi chembe ya ugonjwa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima kabisa, lakini anaweza kumpa mwanawe. Sasa kijana asiyejua mama yake ni nani atajibu nini? Atataja ukoo wa mama aliyemlea, na daktari atafuata njia isiyo yake.

Tena sheria imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto wa Tanzania haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa damu pamoja na jamaa zake. Kuambiwa ukweli ni haki ya mtoto, hata kama sisi tunaona ni aibu yetu.

Je, tuseme vipi? Haya ndiyo tuliyokubaliana kikundini. Kwanza, mama aongee na baba, kwa kuwa jambo si lake peke yake. Pili, mtoto asikie kutoka kwa waliomlea, wakiwa wametulia, kabla jirani hajamwambia kwa ugomvi. Tatu, mama aliyemzaa asitukanwe mbele yake, maana kumtukana ni kumtukana mtoto. Nne, aambiwe kwamba kitanda chake, ada yake na nafasi yake mezani viko pale pale. Na akilia au akinyamaza siku kadhaa, asikemewe. Mtoto mdogo huanza kuelezwa kwa maneno machache, na mengine huongezwa anavyokua.

Huseni wa kitabuni aliondoka, na baba akapoteza mali, heshima na uhai akimtafuta. Tunaona lingekuwa jambo rahisi zaidi kumpa mama yake mahali pa heshima tangu mwanzo.

Mama mwenzetu yule ameazima kitabu tena. Amefika katikati, na amekwisha kuzungumza na mumewe. Wamepanga kumwambia binti shule zikifungwa, naye ametuomba tumwombee. Nanyi wasomaji wetu, mwombeeni pia. Kisha jioni moja kaeni na wazee wenu mkaulize majina ya mabibi, hasa yale yasiyotajwa. Yaandikeni kwenye daftari la nyumbani, watoto wayakute.