Nyumba na Maji: Bidoni 150 za Usiku

Kiangazi cha mwezi wa Julai kilitukuta katika kilima kimoja cha Masisi. Hatutakitaja kwa jina, kwa sababu waliogombana huko wamekwisha patana. Bomba la kilima kile huanza kwenye chemchemi ya juu, huingia katika tangi la saruji, ndipo maji hushuka kwa uzito wake yenyewe hata robine tatu zilizo mteremkoni. Kwa majuma mawili robine ya chini ilikuwa ikitoa maji membamba kama uzi. Akina mama waliamka usiku wa manane kupanga bidoni zao, watoto wakachelewa shuleni, na maneno yakaanza. Walio chini walisema ya kuwa walio juu wamelitoboa bomba kwa siri wapate kunywesha ng'ombe wao. Walio juu wakajibu ya kuwa walio chini huacha robine wazi usiku kucha kwa ajili ya kabichi zao. Kila upande ulikuwa na mashahidi. Kipimo hakuna aliyekuwa nacho.

Katika nchi hii, ambamo malisho na mashamba yamepakana, na ambamo vita vya miaka mingi vimewazoesha watu kudhaniana vibaya, neno la namna hii si dogo. Tuliogopa, twakiri.

Mzee mmoja wa kamati ya maji ndiye aliyetwaa kipande cha kaa. Saa kumi na mbili ya jioni alizifunga robine zote tatu kwa waya, mbele ya watu wa pande zote mbili. Akaifunga na vana iingizayo maji ya chemchemi katika tangi, kisha akapiga mstari wa kaa ukutani, pale pale maji yalipofikia. Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka sentimeta 50. Tangi lile kwa ndani lina mita 3 kwa mita 2. Wanafunzi na wahesabu pamoja nasi: 3 mara 2 mara nusu ni mita 3 za ujazo, yaani lita 3,000, ndizo bidoni 150 za lita 20. Bidoni 150 zilikwenda zao usiku mmoja, wala hakuna mtu aliyeteka hata kikombe.

Vijana walitaka kushika majembe papo hapo. Mzee akawazuia, na hapo ndipo tulipoiona akili yake. Usiku wa pili aliifunga pia vana ya kutokea, ile ishushayo maji kutoka tangini. Kama maji yangalishuka tena, ufa ungalikuwa katika tangi lenyewe, na bomba lingalichimbwa bure. Mstari haukusogea. Usiku wa tatu aliacha vana ya kutokea wazi, akafunga ile iliyo kati ya robine ya pili na ya tatu. Mstari haukusogea tena. Basi maji yalikuwa yakipotea katika kipande cha mwisho, mita mia mbili hivi, si katika kilima kizima.

Kisha ilibaki kutembea na kutazama. Wakati wa kiangazi nyasi za Masisi hugeuka rangi. Penye maji chini yake hubaki mbichi. Kati ya robine mbili zile palikuwa na kipande cha majani mabichi, kipana kama mkeka, na ardhi yake ilibonyea chini ya mguu. Walipochimba walikuta kiungo cha bomba kimeachana. Ng'ombe walikuwa wakipita juu yake, ndiyo. Lakini bomba lilikuwa limefunikwa kwa udongo wa kiganja kimoja tu, kwa kuwa mvua imeuchukua udongo uliolimwa hata ukingoni mwa mfereji wake. Nani mwenye kosa? Walitazamana, halafu mmoja akaanza kucheka.

Ndugu zetu wa Walikale watatuambia ya kuwa habari ya majani mabichi haiwafai, nao wasema kweli. Katika msitu wao mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kila majani ni mabichi na kila njia ina matope. Huko mstari wa kaa na vana ndio macho. Masikio pia husaidia: weka ncha ya chuma juu ya bomba usiku penye kimya, na ncha ya pili sikioni, maji yanayotoka kwa nguvu hulia kama nyoka. Lakini bomba la chuma hupeleka sauti mbali, na la plastiki huimeza, basi asiyesikia kitu asiseme ya kuwa bomba ni zima. Usiku hufaa kwa sababu nyingine tena: robine zikifungwa, nguvu ya maji huongezeka. Kila mita 10 za kushuka huzidisha kadiri ya kilo moja juu ya kila sentimeta ya mraba, hata tundu dogo lililolala mchana huamka.

Ikiwa mstari hausogei, na robine ingali dhaifu, usitafute tundu. Huenda mchanga au mizizi imeziba njia, au hewa imekaa pale bomba linapopanda mgongo wa kilima.

Wenye nyumba za mjini wanaonyesha majani ya uani na kulipia maji kwa mita wana kazi rahisi zaidi. Wafunge kila robine na kila kinyunyizio, wakae saa moja, waitazame mita. Ikiwa yaendelea kuzunguka, wanalipia maji ya kunywesha udongo.

Kuna jambo moja linalotusumbua kuliko bidoni zilizopotea. Bomba likijaa, maji hutoka tunduni. Bomba likikauka, tundu lile lile hufyonza. Hufyonza maji ya tope, ya mavi ya ng'ombe, na ya choo kilichochimbwa karibu. Kivu ya Kaskazini haihitaji kufundishwa jina la kipindupindu. Mwezi wa Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma. Kwa hiyo tundu lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama tufanyavyo wote, limefungwa kwa siku chache tu. Fundi akate kipande kibovu, atie kiungo kipya, bomba lizikwe kwa kina cha mkono mzima. Kisha robine ya mwisho iachwe wazi hata maji yawe meupe kabisa, na kwa siku hizo maji ya kunywa yachemshwe.

Kilimani kwetu kiungo kipya kilinunuliwa kwa mchango wa pande zote mbili. Njia ya ng'ombe imehamishwa hatua thelathini. Mwenye shamba ameacha ukanda wa majani bila kuulima. Mstari wa kaa ungaliko ukutani mwa tangi, na mzee hataki ufutwe.

Namna ya kubadili mpira wa robine inayodondoka tutaieleza juma lijalo.