"Shall" isiwafichie watumishi wajibu wao

Wapo watumishi wa umma wanaoamini kwamba kazi ya kukiingiza Kiswahili katika sheria ilikwisha siku ile Bunge lilipopitisha, mwaka 2021, marekebisho yaliyotamka kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Imani hiyo ni ya kivivu. Sheria yaweza kuvishwa kanzu ya Kiswahili toka shingoni hadi miguuni na bado ikatembea kwa mwendo wa Kiingereza. Mwendo huo hauonekani wazi popote kuliko pale mfasiri anapokutana na kitenzi kidogo cha Kiingereza, "shall", naye pasipo kufikiri akaandika "-ta-" na kuendelea na kazi yake.

Chukua sentensi ya mfano: "Afisa atatoa risiti kwa kila mlipaji." Mwananchi amelipa ushuru sokoni, amenyimwa risiti, amerudi kuidai. Afisa anamjibu kwa utulivu kwamba risiti itatolewa. Kitabu hakijafika kutoka wilayani. Kisarufi afisa huyo hajakosea hata kidogo. "Atatoa" ni habari ya wakati ujao. Haisemi lini, wala haisemi kwamba asipotoa amevunja kitu. Aliyeandika Kiingereza alikusudia amri. Kiswahili kimempa mwananchi utabiri. Na utabiri, kama ule wa mvua, usipotimia hakuna anayeshitakiwa.

Yafaa kwanza kitenzi chenyewe kifahamike, maana walio wengi wanaokiogopa hawakijui. "Shall" ni kitenzi kilema. Hakina kitenzi-jina, Mwingereza hawezi kukitaja kama mtu anavyotaja "kwenda" au "kula". Hakichukui alama ya nafsi ya tatu ambayo vitenzi vingine vya Kiingereza huichukua. Umbo lake la wakati uliopita, "should", lilikwisha kujitenga likawa na maisha yake, likitoa ushauri zaidi kuliko kueleza yaliyopita. Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis alichapisha, kwa Kilatini, kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na humo akaweka kanuni iliyowatesa wanafunzi kwa muda wa karne tatu: kwamba katika nafsi ya kwanza "shall" hubashiri tu, lakini katika nafsi ya pili na ya tatu huahidi au hutisha, na kwamba "will" hufanya kinyume chake. Kanuni hiyo ikaingia katika vitabu vya shule, na vitabu vikavuka bahari.

Watu wa Uskoti na Ayalandi hawakuifuata kamwe katika mazungumzo yao, wala Wamarekani. Waingereza wenyewe walitunga mzaha juu ya mtu wa Ayalandi aliyeanguka majini akapiga kelele za kuomba msaada, ila kwa kuvibadilishana vitenzi hivyo viwili akawa ametangaza kwamba amekusudia kufa na anakataza mtu yeyote asimwokoe. Ni mzaha wa dharau, kama ilivyo mizaha mingi ya wenye nguvu juu ya lugha za wanyonge. Lakini siku moja mzaha uliwageukia walioutunga. Jenerali Douglas MacArthur, alipoondoka Ufilipino mwaka 1942 akafika Australia, alitamka maneno matatu: "I shall return." Kwa kanuni ya Wallis, hayo ni makisio ya msafiri juu ya safari yake ya kurudi. Dunia nzima iliyasikia kuwa ni kiapo, na kiapo ndicho alichokusudia.

Siku hizi kitenzi hicho kimekuwa adimu vinywani mwa Waingereza. Kinasikika zaidi katika swali la kupendekeza jambo, la namna ya "twende?", na kimejificha katika mikataba na sheria. Hata huko kinafukuzwa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilikiacha ikatumia "must", yaani lazima. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya, mwaka 2007, nazo zilikiondoa. Waandishi wa miswada ya Bunge la Uingereza wanashauriwa kukiepuka. Sababu ni moja kila mahali: mara kinaamuru, mara kinatabiri, mara kinatangaza, na msomaji huachwa akikisia. Je, lipo jambo la aibu kuliko kuikuta nguo ambayo mwenyewe ameitupa jaani ikioshwa na kupigwa pasi na jirani ili aivae kazini?

Hapa Tanzania utata huo una historia yake. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996 ilijaribu kuufunga kwa kutamka kwamba "may" ikitumika kumpa mtu madaraka, ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia. Na "shall" ikitumika kumpa mtu kazi, kazi hiyo ni lazima itendwe. Ni kanuni nzuri. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba hata baada ya kanuni hiyo "shall" haimaanishi lazima kila inapotokea. Ikiwa majaji waliobobea katika Kiingereza hicho wanalazimika kukipima upya shauri baada ya shauri, mwalimu mkuu wa shule ya kijijini atakipimaje?

Lakini kosa kubwa la "-ta-" limo katika mizizi ya maneno yenyewe. Katika Kiingereza cha kale, "shall" kilikuwa na maana ya kudaiwa: mtu aliyetumia kitenzi hicho alisema kwamba ana deni. Kijerumani, ndugu yake, bado kina neno "Schuld", ambalo ni deni na ni hatia pia. "Will", kwa upande wake, kilikuwa na maana ya kutaka. Sasa na itazamwe "-ta-" ya Kiswahili. Wanaisimu huieleza kuwa ni kifupi cha "taka", na ushahidi hauhitaji maabara: mtoto wa darasa la tatu husema "atakayekuja" na "watakaosoma", na hapo "taka" hutoka mafichoni ikaonekana nzima. Maana yake ni kwamba "-ta-" ni nduguye "will", wala haina udugu na "shall". Mfasiri anayeiweka mahali pa "shall" amechukua deni akaligeuza kuwa matakwa. Mwananchi anadai, mtumishi atatoa akitaka.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja mbili, na moja ina uzito. Wanasema Katiba ya 1977 yenyewe hutumia "kutakuwa na" inapounda ofisi ya Rais na vyombo vingine vya dola. Ni kweli, na ni sawa kabisa. Pale hakuna mtu anayeamriwa. Sheria inatenda kwa kutamka: ikisema kutakuwa na chombo, chombo kimekuwapo. Kumwandikia mtumishi kazi yake ni jambo jingine, na mwandishi wa sheria asiyeona tofauti kati ya kuunda ofisi na kumwagiza aliyeketi ndani yake bado hajaijua kazi yake. Hoja ya pili ni kwamba "-ta-" huweza kuamuru, kama mama anapomwambia mwanawe, "Utakula hicho chakula!" Naam, lakini pale kinachoamuru ni sauti ya mama, na pengine mwiko ulio mkononi mwake. Karatasi ya waraka haina sauti.

Wala Kiswahili hakikuwa maskini wa njia za kusema wajibu hata kikahitaji kukopa. Viongozi walioandika Azimio la Arusha mwaka 1967 walikuwa na jambo zito la kuwaambia wenzao: mali gani wasiwe nayo na mishahara mingapi wasipokee. Hawakubashiri. Waliandika kwamba kiongozi "sharti awe" hiki, na "asiwe" na kile. Masharti yale yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, na hapakuwa na haja ya kuyalegeza kama yangekuwa utabiri tu. Yalilegezwa kwa kuwa kila mtu aliyaelewa kuwa yanabana. Kadhalika Amri Kumi: Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilizisimamisha juu ya kitenzi kile kile, lakini tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani inamkataza mtu moja kwa moja kwa "usi-". Hakuna muumini aliyewahi kutoka ibadani akidhani ameelezwa jinsi mambo yatakavyokuwa.

Hazina iliyopo ni pana. "Pasa" chenyewe ni kitenzi chenye tabia zake, kilema kwa namna yake kama "shall": wajibu ndio unaosimama mbele, na mtu anafuata nyuma, "yampasa", "imempasa". (Wale wa "anapaswa" wameshinda kwa wingi wao, na vita hiyo haifai kupiganwa hapa.) Ipo "lazimu", ipo "sharti", ipo "hana budi", ambayo haijui kukubali bila kukanusha. Kwa upande wa ruhusa ipo "juzu", ambayo ofisi zimeisahau ingawa wazee wa pwani bado wanayo, na ipo "hiari". Asiyeyajua maneno haya na aende kwa wanaoyajua kabla ya kwenda kwenye kamusi ya Kiingereza.

Kinachouma zaidi ni pale "-ta-" inapofunga ndoa na kauli ya kutendwa. "Taarifa itawasilishwa kila mwisho wa muhula." Na nani? Kwa nani? Sentensi kama hiyo ndiyo starehe ya urasimu: kazi imetajwa, mtendaji ametoweka, na wakati umeachwa uelee. Muhula unakwisha, jalada linabaki masijala, na kila anayeulizwa anaonyesha kidole mlango wa pili. Iandikwe: "Mwalimu mkuu hana budi kuiwasilisha taarifa kwa afisa elimu kata kabla ya siku ya kufunga shule." Imekuwa ndefu kidogo. Lakini sasa kuna mtu wa kuulizwa, na siku ya kumuuliza.

Walimu wana sehemu yao. Mwalimu wa Kiingereza anayempotezea mwanafunzi vipindi kwa kanuni ya 1653, huku wenye lugha wamekwisha kuiacha, angemfaa zaidi kwa kumfundisha kuitambua "shall" katika mkataba wa ajira au wa kupanga nyumba na kuuliza: hapa nani anadaiwa nini? Naye mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi sentensi kumi za matangazo ya ofisi zenye "-ta-", wazigawe: ipi inatabiri, ipi inaunda, ipi inaamuru. Zile zinazoamuru waziandike upya.

Ila wanaojisahihisha wasidhani dawa ni kufuta "-ta-" na kubandika "lazima" kila mahali kama karani anayegonga muhuri. Katika ukanushi njia hiyo ni mtego. "Mtumishi hatapokea zawadi kwa mtu anayemhudumia" ni sentensi dhaifu, kwa maana inasikika kama sifa njema ya mtumishi huyo. Lakini atakayeisahihisha kwa kuandika "si lazima mtumishi apokee zawadi" ameharibu kabisa, kwani amempa ruhusa ya kuchagua. "Haimpasi kupokea" nayo yaweza kusomwa kwa njia mbili, na mla rushwa ataichagua ile inayomfaa. Hapo neno ni "asipokee", au "ni marufuku kupokea", pamoja na adhabu yake katika kifungu kinachofuata.